Mjadala: Mgonjwa wa miaka 78, uvimbe wa sentimita 3 kwenye figo. Apasuliwe au afuatiliwe?

Kisu_Mkojo: Wakuu, umri peke yake usimnyime mzee upasuaji. Vigezo sita vya IMDC, vya kukadiria hatari saratani ya figo ikishasambaa, ni hivi: hali ya mwili kushuka, dawa kuanza kabla ya mwaka kuisha tangu ugonjwa ugunduliwe, upungufu wa damu, kalisi juu, neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) juu, chembe sahani (za kugandisha damu) juu. Umri haumo. Kwa nini basi kliniki ndio unatajwa kwanza?

Mpimapicha: Mkuu, vigezo hivyo ni vya waliokwisha kusambaa. Huyu uvimbe wake haujatoka kwenye figo. Uvimbe usiozidi sentimita 4 hukua wastani wa milimita 3 hivi kwa mwaka, na takriban asilimia 20 si saratani kabisa. Kama moyo wake ni dhaifu, moyo utamwahi. Rudia picha baada ya miezi 3 hadi 6, kisha kila miezi 6 kwa miaka miwili ya mwanzo. Ukikua zaidi ya milimita 5 kwa mwaka, mkae tena mzungumze. Linaloharibu kazi ni kulinganisha ultrasaundi ya leo na CT ya mwaka jana: tofauti ya milimita 4 inaweza kuwa ya vipimo tu, mtu akapasuliwa bure.

Kisu_Mkojo: Na asiporudi? Ufuatiliaji bila nauli na bila CT ya karibu ni kumtelekeza kwa adabu.

Nefro_Bara: Kabla ya kisu, someni kreatinini, taka ya damu inayoonyesha kazi ya figo, pamoja na umri. Kreatinini ya maikromoli 97 kwa lita kwa mwanamke wa miaka 35 ni uchujaji wa figo wa kama mililita 67 kwa dakika kwa CKD-EPI ya 2021, fomula ya kukadiria uchujaji huo. Kwa wa miaka 75, namba ileile ni kama 53, yaani figo zimeshachoka, na maabara imeandika "kawaida". Mtoe kipande chenye uvimbe, si figo nzima.

Kisu_Mkojo: Dokta, jaribio la EORTC 30904, la shirika la Ulaya la utafiti wa saratani, lililinganisha kutoa kipande na kutoa figo nzima, wagonjwa 541, matokeo ya uhai yakatoka 2011. Waliotolewa kipande walibaki na figo nzuri zaidi, lakini hawakuishi muda mrefu zaidi. Kutoa kipande kunaleta damu nyingi na mkojo kuvuja. Mzee mwenye figo ya pili nzima simuongezei hayo.

Nefro_Bara: Mwenye figo ya pili *nzima*, sawa. Mwenye presha na kisukari je?

Onko_Pwani: Mmeng'ang'ana na wazee kana kwamba ujana ni kinga. Kuna saratani ya medula ya figo: huwapata hasa vijana waliobeba kinasaba cha selimundu, mara nyingi figo ya kulia, na wengi hugundulika imeshasambaa. Kwetu kijana akikojoa damu hupewa dawa ya kichocho au ya UTI, na miezi inapita. Kichocho kitibiwe, ndiyo, lakini damu isipokoma apigwe picha. Vidonge vya kuzuia mishipa ya uvimbe humsaidia kidogo sana. Huanzishiwa kemo yenye platinamu. Na asiyezidi miaka 46, aina yoyote ya saratani ya figo, aulizwe historia ya ukoo na apimwe vinasaba.

Kwa huyo wa 78, mpigeni kwanza G8, dodoso fupi la kuchuja udhaifu wa wazee wenye saratani, dakika chache tu. Akipata 14 au chini kati ya 17, apimwe udhaifu wa uzee kwa kina kabla hamjapanga nusu kaputi.

Kisu_Mkojo: Hapo kwenye G8 tupo pamoja. Akipata 16, namweka kwenye orodha ya upasuaji.