Chama chetu kiipe benki ya chakula unga au fedha?

Mweka hazina, Nairobi

Ndugu wanajukwaa, natunza fedha za chama kidogo cha wafanyakazi wa Eneo la Viwanda. Hali zetu si nzuri: mbali na kodi ya mapato, mshahara hukatwa asilimia 1.5 ya nyumba na asilimia 2.75 ya bima ya afya, ilhali nauli na mafuta ya kupikia havimsubiri mtu. Hata hivyo tumekubaliana kutenga sehemu ya michango yetu kwa ajili ya benki ya chakula inayohudumia familia za Mukuru, ambako wengi wa vibarua wenzetu wanaishi. Wanachama wengi wanataka tununue marobota ya unga tuyapeleke wenyewe, kwa hoja kwamba unga unaonekana lakini fedha haionekani. Mmoja wetu ana jamaa Makueni aliye tayari kutuuzia mahindi kwa bei nafuu. Je, kipi kina manufaa zaidi, na ni jambo gani la kuchunga?

Mfanyakazi wa ghala

Mweka hazina, toeni fedha, na ikiwezekana semeni wazi kwamba ni ya usafiri. Benki ya chakula haikubuniwa kuwa duka la kununua unga. Ile ya kwanza ilianza Phoenix, Arizona, mwaka 1967, kwa kukusanya chakula ambacho wauzaji wamekiacha ingawa bado kinalika, na kukigawa kupitia mashirika ya hisani. Hapa kwetu Food Banking Kenya hufanya kazi hiyohiyo: huchukua mboga na matunda kutoka mashambani na kwenye vituo vya kufungashia, kwa mfano mishiri (maharagwe mabichi ya maganda) iliyopinda au parachichi lenye makovu kwenye ganda, ambayo soko la Ulaya huyakataa kwa sura tu. Mazao hayo hutolewa bure, lakini lori, dizeli, makreti na vibarua wa kupakia havitolewi bure, na mboga isiyosafirishwa leo kesho ni ya ng'ombe. Kwa hiyo fedha ya pakiti chache za unga wa rejareja inaweza kuleta mjini chakula chenye uzito mkubwa zaidi. Pigieni simu ghala kwanza, kwa sababu kuna wiki ambazo kabichi zimejaa hadi mlangoni na hakuna hata lita moja ya mafuta ya kuzikaangia.

Afisa wa kilimo mstaafu

Nitazungumzia mahindi tu. Mwaka 2004 watu 125 walifariki katika wilaya za mashariki, wengi wao wa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu (aflatoksini, sumu itokanayo na kuvu), na mengi ya mahindi hayo yalikuwa ya nyumbani yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, na punje yenye sumu inaweza kuonekana safi kabisa. Kabla ya kulipa, hakikisheni unyevu hauzidi asilimia 13.5, kisha sampuli ipimwe, kwani kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 kwa kilo. Kama jamaa huyo hakubali kupimiwa, mwacheni na mahindi yake, hata akiyatoa sadaka.

Mkazi wa Majengo, Mombasa

Nakubaliana na ndugu wa ghala, ila asiudharau mkono unaobeba chakula. Kwetu fitri hutolewa kwa pishi moja ya nafaka kwa kila mtu kabla ya sala ya Idi, na mtoto anayemsaidia baba yake kuupeleka mchele huo hujifunza jambo ambalo ujumbe wa M-Pesa haumfundishi. Tatizo letu ni majira. Futari na zawadi za Krismasi humiminika kwa mkupuo, kila moja kwa msimu wake, kisha Januari, wakati karo imemaliza akiba za wazazi, rafu huwa tupu. Hali hujirudia kati ya Mei na Septemba, kabla mavuno ya Trans Nzoia na Uasin Gishu hayajaanza kushusha bei. Chama kinachotoa kidogo kila mwezi kina thamani kubwa kuliko tajiri anayefika mara moja na lori na kamera.

Mweka hazina, Nairobi

Nawashukuru nyote. Mahindi ya Makueni tumeyaweka kando. Ila bado nina kazi ya kuwaridhisha wanachama wanaotaka kuona.

Mfanyakazi wa ghala

Ombeni stakabadhi, pamoja na taarifa ya kila mwezi inayoonyesha kilo zilizopokewa, kilo zilizotupwa na vituo vilivyogawiwa. Benki inayoficha kilo zilizotupwa itilieni shaka, kwa kuwa hakuna ghala la mboga lisilotupa. Wanaotaka kuona kwa macho waje zamu ya Jumamosi kuchambua viazi. Wapangaji wa zamu hutafuta watu kila wiki. Picha za watoto wakipokea chakula msiziombe: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi, na mama aliyepanga foleni kwa ajili ya chakula cha jioni hayuko katika nafasi ya kuwakatalia.