Mrejesho: ghorofa la jirani linalochungulia bustani yetu

Wakuu, niliomba ushauri humu: jirani kapandisha ghorofa hapa Mbezi, roshani yake inatazama bustanini kwetu moja kwa moja, hata kuanika nguo mtihani. Wengi mlisema nipandishe ukuta. Fundi kakataa, msingi haubebi, halafu ungetuzibia upepo. Kwa joto hili la Januari, nani anataka hivyo?

Nimepanda miashoki kwa mstari, maana inakwenda juu bila kutanua matawi. Bado mifupi. Kinachotusitiri sasa ni kichanja cha mirunda juu ya viti: pasheni imetambaa ikafunika kote, wa juu anaona majani tu. Mama watoto anakunywa chai nje na khanga yake. Aliyenishauri pasheni, ubarikiwe, ingawa mbu wameongezeka.