Ndege ya kujijengea, oili inapata moto wakati wa kupanda: rejeta kubwa au nikate boneti?

Mjenzi254: Wakuu, ndege nimemaliza kuijenga lakini nikipaa tu joto la oili linapanda mpaka naogopa narudi chini. Kuna jamaa anauza rejeta kubwa ya oili, fundi mwingine ananiambia nipanue mdomo wa boneti mbele. Pesa inatosha kitu kimoja. Nichukue ipi?

Rubani_Mstaafu: Ndege gani, injini gani, joto ngapi, unarukia wapi? Bila hivyo tutabahatisha tu.

Mjenzi254: Samahani mzee. Zenith CH 701, Rotax 912 ULS, niko Orly, ule uwanja mdogo wa ndege karibu na Nairobi. Dakika 4 za kupanda oili 124, nikiacha kupanda nikanyoosha inarudi 108.

BintiMabawa: Mwisho wa hiyo injini ni 130, umekaribia mno. Chukua rejeta kubwa, mimi tangu niweke sijawaza tena habari ya oili.

HewaNzito: Dada mimi napinga. Hewa lazima ipate pa kutokea, ikikwama humo ndani hata rejeta ya lori haisaidii. Mimi nilipanua mdomo wa mbele, wikendi mbili nakata faiba na kupiga msasa, siku ya kuruka joto likaongezeka digrii 6, nikatua moyo unanidunda. Mzee wa hanga jirani, banda la ndege, akachukua mrija mwembamba wa mpira unaoonyesha ndani, akautia maji, ncha moja mbele ya rejeta, nyingine nyuma yake, tukaruka. Maji hayakusogea! Yaani presha sawa pande zote, hewa imesimama. Nikaziba mianya yote kuzunguka rejeta kwa silikoni, nikafunga kipande cha alumini sentimita 4 kwenye tundu la kutokea chini, kimeinama kama mdomo ili kivute hewa nje. Zikashuka digrii 11.

Fundi_Arusha: Kabla ya kukata chochote pima sensa, kile kifaa kinachosoma joto la oili. Ichovye kwenye maji yanayochemka, isome 100.

Rubani_Mstaafu: 100 ni Mombasa hiyo, usawa wa bahari. Nairobi iko juu, maji yanachemka kwenye 94 hivi, atatupa sensa nzima bure.

Fundi_Arusha: Tofauti ndogo hiyo mzee, mimi nimepima hivyo miaka yote.

Rubani_Mstaafu: Na Arusha nako hayafiki 100. Digrii 5 au 6 ndizo hizo hizo anazozitafuta huyu kijana, usiziite ndogo.

Kipanga_K: Kwani akiweka kulanti isiyo na maji, yale majimaji ya kupoza injini?

HewaNzito: Hiyo inapoza hedi, sehemu ya juu ya silinda; shida ya Mjenzi ni oili.

BintiMabawa: Mjenzi unapanda na spidi gani? Watu wa 701 wanapenda kuisimamisha pua juu, hewa yenyewe huku nyepesi, itaingia saa ngapi?

Mjenzi254: Maili 55 kwa saa. Jumamosi nitajaribu 65 na sensa nitaichemsha. Rejeta jamaa amenishikia mpaka mwisho wa mwezi.

HewaNzito: Funga ule mrija wa maji kwanza.

BintiMabawa: Rejeta chukua, itauzwa hiyo.