Oda za WooCommerce hazifiki n8n: majaribio yanakubali, kazi yenyewe inakwama

Mama Vitenge

Habari za kazi, ndugu zangu. Nina duka la mtandaoni la vitenge na vikoi linaloendeshwa kwa WordPress (programu ya kuendesha tovuti) na WooCommerce (nyongeza yake ya kuuzia bidhaa), na mzigo wenyewe unakaa katika stoo ndogo hapa Kariakoo, ambako kijana wangu hufunga vifurushi na kuvikabidhi kwa bodaboda. Mpaka leo kila oda inayoingia naisoma mimi kwenye barua pepe, kisha nampigia simu. Nikiwa safarini au nimelala, mteja anasubiri. Ndiyo maana nilikodi seva ndogo nikaweka n8n, programu ya kuunganisha huduma ili zifanye kazi zenyewe, ili oda ikishaingia, ujumbe uende stoo moja kwa moja kupitia Telegram na mstari mmoja uandikwe kwenye jedwali langu la mauzo.

Nimetengeneza webhuku upande wa duka, yaani ile taarifa ambayo duka huituma lenyewe kwenda kwenye anwani niliyoitaja pindi oda inapoundwa. Anwani niliyoweka inaanza na namba ya IP ya seva yangu, ikifuatiwa na 5678, kisha /webhook-test/ na herufi nyingi. Nikibonyeza kitufe cha kusikiliza ndani ya n8n na kutuma mfano wa oda kwa mkono kutoka kwenye kompyuta yangu, ujumbe unafika stoo bila shida. Lakini mteja halisi anaponunua, hakuna kinachofika. Baya zaidi, nilipokagua baada ya siku tatu nilikuta ile webhuku imezimwa, ilhali si mimi niliyeizima wala hakuna mwingine mwenye nywila. Je, tatizo ni la duka, la n8n, au la seva niliyokodi?

Fundi wa Seva

Mama Vitenge, habari. Umeeleza vizuri kiasi kwamba jibu limo ndani ya swali lako: anwani yako moja ina makosa mawili, na kila moja lingetosha kuizuia kazi.

La kwanza ni hilo neno webhook-test. n8n hutoa anwani mbili kwa kila mtiririko wa kazi. Ile ya majaribio huwa hai kwa muda mfupi tu baada ya kubonyeza kitufe cha kusikiliza, kisha hufungwa. Ile ya kazi haina neno test, nayo huanza kupokea pale tu unapouwasha mtiririko wenyewe. Mteja wako hanunui katika dakika mbili ulizokuwa unasikiliza, kwa hiyo taarifa zake zingegonga mlango uliofungwa.

La pili limejificha zaidi, na limewachosha wengi. Kwa sababu za usalama, WooCommerce hutuma webhuku kupitia njia ya WordPress inayokagua anwani kabla ya kutuma chochote, na njia hiyo kwa kawaida hukubali poti (milango ya seva yenye namba) tatu tu: 80, 443 na 8080. Poti 5678, ambayo n8n huitumia isipobadilishwa, inakataliwa hapo hapo ndani ya duka, kabla taarifa haijaondoka dukani. Kompyuta yako haina ukaguzi huo, ndiyo maana ulipotuma kwa mkono ilifika. Ukaguzi huo huo hukataa anwani za mtandao wa ndani kama zile zinazoanza na 192.168, hivyo anayejaribu n8n kwenye kompyuta ya nyumbani naye hukwama hapo.

Kuhusu kuzimwa, hakuna mkono wa mtu. Taarifa zikishindikana zaidi ya mara tano mfululizo, WooCommerce huizima webhuku yenyewe. Ukishasahihisha anwani utalazimika kurudi kuiwasha kwa mkono.

Dawa yake ni kuipa n8n jina badala ya namba. Tengeneza jina dogo chini ya jina la duka lako, lielekeze kwenye seva, kisha weka Caddy au Nginx, yaani programu ya kupokea maombi ya mtandao, mbele ya n8n ili ipokee maombi kwenye poti 443 kwa cheti cha usalama cha Let's Encrypt na kuyapitisha ndani hadi 5678. Mimi hupendelea Caddy kwa sababu hujihuishia cheti, na vyeti vya Let's Encrypt vimekuwa vikidumu siku 90 tu. Asiyeweka utaratibu wa kuvihuisha hukumbuka siku oda zinapokatika. Halafu katika mipangilio ya n8n andika jina hilo kwenye WEBHOOK_URL, la sivyo itaendelea kukuonyesha anwani yenye localhost, yaani seva hiyo hiyo yenyewe, ambayo duka lako haliwezi kuifikia.

Mlinzi wa Data

Naongeza dogo tu. Mtu yeyote anayeijua anwani hiyo anaweza kukutumia oda ya uongo, na kijana wako atafunga vitenge vya hewa. WooCommerce hutia saini kila taarifa kwa neno la siri uliloliweka kwenye webhuku, na saini hiyo huja katika kichwa cha taarifa chenye jina X-WC-Webhook-Signature. Badala ya kuihakiki mwenyewe, tumia kichochezi (hatua inayoanzisha mtiririko) cha WooCommerce kilichomo ndani ya n8n, kwa kuwa hukagua saini na pia hujisajilia webhuku dukani chenyewe. Kwa ajili ya usajili huo, funguo za API (njia ambayo programu nyingine huzungumza na duka) utakazotengeneza ziwe za kusoma na kuandika. Za kusoma peke yake zitakataliwa. Funguo hizo, moja huanza na ck_ na nyingine na cs_, usizipige picha ukazileta hapa. Na kwenye Telegram peleka jina, mtaa na bidhaa tu, si kumbukumbu yote ya mteja, maana tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hili si la hiari.

Mama Vitenge

Ahsanteni sana. Nimefuata yote: jina lipo, Caddy ipo, kichochezi cha WooCommerce kimejisajili, na oda halisi tatu zimefika. Nimebaki na mambo matatu yanayonichanganya.

Kwanza, usiku hakuna kinachofika, lakini asubuhi nikifungua tu ukurasa wa usimamizi wa duka, taarifa zote za usiku zinamiminika kwa pamoja kama mvua. Pili, baadhi ya oda hufika zikiwa zimelipwa na nyingine zikiwa hazijalipwa, ilhali nimechagua tukio lile lile la oda kuundwa. Jana kijana alifunga kifurushi cha mteja ambaye hakuwahi kuingiza namba yake ya siri ya simu kulipia. Tatu, ripoti ya mauzo niliyoipangia saa mbili asubuhi inakuja saa tisa alasiri.

Msimamizi wa Oda

Dada, mimi naendesha duka la vipuri lenye utaratibu kama wako, na makosa haya nimeyafanya yote, kwa hiyo nitaanza na lililo jepesi. Ripoti imechelewa kwa saa saba kwa sababu n8n isipoambiwa vinginevyo hufuata saa za New York. Weka GENERIC_TIMEZONE iwe Africa/Dar_es_Salaam, na uangalie pia mpangilio wa mtiririko wenyewe.

Mawili ya mwanzo yana mzizi mmoja. WooCommerce haitumi taarifa papo hapo. Huiweka kwenye foleni, na foleni hiyo husukumwa na ratiba ya WordPress ambayo si saa ya kweli bali huamka mtu anapotembelea tovuti. Usiku duka lako halina wageni, au wageni wanahudumiwa kurasa zilizohifadhiwa bila kuigusa WordPress, basi foleni inalala. Wewe unapoingia kwenye usimamizi unaiamsha. Zima utaratibu huo kwa kuandika DISABLE_WP_CRON katika faili la wp-config.php, kisha iagize seva ya duka iite wp-cron.php kila dakika moja, au kila dakika tano kama mwenye seva haruhusu zaidi.

Sasa angalia jinsi foleni inavyozaa tatizo la malipo. Yaliyomo kwenye taarifa hayaandikwi wakati oda inaundwa; huandikwa wakati wa kutumwa. Taarifa iliyokaa saa nne kwenye foleni itabeba hali ya oda ya wakati huo, ambapo mteja ameshalipa. Iliyotoka haraka itabeba hali ya pending (inasubiri malipo), kwa sababu mteja wa malipo ya simu kwanza hukamilisha oda, kisha hupokea ombi kwenye simu, huingiza namba ya siri, na ndipo kampuni ya malipo hulijulisha duka, nalo hubadilisha hali kuwa processing (imelipwa, inashughulikiwa). Kwa hiyo ukirekebisha foleni bila kurekebisha tukio, utapata oda nyingi zaidi ambazo hazijalipwa, si chache.

Badilisha tukio liwe la oda kusasishwa, kisha weka sharti kwamba mtiririko uendelee tu ikiwa hali ni processing. Hapo utakutana na ugeni mwingine: oda husasishwa mara nyingi, hata ukisahihisha jina la mtaa tu, na stoo watapata ujumbe wa pili wa kifurushi kile kile. Kabla ya kutuma, tafuta namba ya oda kwenye jedwali lako la mauzo, ikiwapo, simama. Mimi nilijifanya mjanja nikaandika alama ndani ya oda yenyewe kupitia API, nikasahau kwamba kuandika huko nako ni kusasisha, nako hutuma taarifa mpya. Oda moja ya pedi za breki ilizunguka usiku kucha.

Fundi wa Seva

Nakubaliana naye kwa yote, ila nisingeiachia webhuku peke yake kazi ya stoo. Taarifa ikishindikana, WooCommerce hairudii kuituma, hivyo seva yako ikizimika kwa dakika kumi, oda za dakika hizo hazitakuja kamwe. Tengeneza mtiririko wa pili unaoliuliza duka kila saa moja oda zote zenye hali ya processing, uzilinganishe na jedwali, na kutuma zile zilizokosekana. Kumbuka kwamba API hurejesha oda 10 usipotaja idadi, na haizidishi 100 kwa ukurasa.

Mama Vitenge

Nimeweka vyote tangu Jumatatu. Jana usiku oda sita ziliingia, tano zikafika stoo ndani ya dakika chache baada ya malipo, na ya sita ililetwa na ule mtiririko wa kila saa kwa sababu nilikuwa ninaiwasha seva upya wakati huo. Ripoti imekuja saa mbili kamili. Kijana wa stoo sasa analalamika kwamba simu yake inalia usiku, kwa hiyo swali langu lijalo litakuwa namna ya kuzizuia jumbe hizo hadi saa moja asubuhi bila kuzipoteza.

Msimamizi wa Oda

Hilo halihitaji swali jipya, dada. Kwenye hatua ya Telegram washa chaguo la kutuma bila sauti. Ujumbe utafika, simu haitalia.