Naomba ushauri: paka wa marehemu mama bado anamngojea

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mama yetu alifariki Lamu miezi mitano iliyopita, akaacha paka jike wa rangi ya majivu aliyeishi naye kwa miaka 11. Kila alfajiri, adhana inapoanza, paka huyo hutoka jikoni, hupanda ngazi na kujilaza juu ya mswala wa mama, uliokunjwa tangu siku ya mazishi, akiutazama mlango mpaka jua lichomoze. Samaki hula kidogo tu, tena awekewe katika kibakuli kile kile kilichomeguka ukingo.

Shangazi anaamini kwamba roho ya mama imemwingia paka huyo na anataka afukuzwe. Mimi silikubali hilo, kwani tulifundishwa madrasani kisa cha sahaba Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, kisha akaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alisema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka. Hata hivyo, nakiri kwamba nikimwona pale alfajiri, mwili hunisisimka.

Nyumba itapangishwa mwisho wa mwezi, nami naishi ghorofa ya nne Mombasa. Je, nimchukue pamoja na mswala wake, au nimwachie jirani katika vichochoro alivyovizoea? Waliowahi kurithi mnyama wa mzazi, naomba mnieleze mlifanyaje, na alichukua muda gani kutulia.