Jina la kanisa lako limewahi kukuponza? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Nianze na langu.

Mwaka juzi nilikuwa natafuta chumba Tabata. Dalali kanipeleka kwa mama mmoja, chumba safi, luku ya kujitegemea. Mama akauliza kazi, kabila, kisha: "Na unasali wapi, mwanangu?" Nikalitaja jina la kanisa letu lote, refu kama treni ya mizigo, ndani yake mna "Ngurumo" na "Kimataifa". Mama akaacha kuchambua mchele. "Ngurumo! Kwa hiyo mtakuwa mnakemea usiku kucha?" Sisi tuko kama 40 tu, tunasalia kwenye darasa la shule, na spika yetu moja ni mbovu. Hiyo Kimataifa hata sijui ilitokea wapi. Chumba akapewa kijana aliyejibu neno moja: "Roma." Nasikia hata misa haendi.

Wenye visa, mwageni.

Mjukuu wa Rungwe: Pole mkuu. Mimi ni Mmoravian. Nilipohamia Unguja kikazi, jirani alisikia "Mormoni", lile kanisa la Marekani ambalo zamani waliruhusu wake wengi, akaniuliza nina wake wangapi. Nikamweleza kanisa hili liliingia Rungwe mwaka 1891, bibi kaimba kwaya mpaka meno yakaisha, na Moravia ni eneo tu, siku hizi liko Jamhuri ya Cheki. Akanisikiliza kwa adabu zote. "Haya. Na huyo mke wa pili kabaki Mbeya?"

Binti wa Machame: Sisi KKKT tulipokea wageni kutoka Marekani, usharika ukawapa fulana zenye herufi hizo kubwa kifuani. Mzee mmoja mweusi aliitazama yake, akaikunja taratibu, akaiweka mapajani. Tukadhani haimtoshi. Mkalimani ndiye aliyetunong'oneza kwamba kwao K tatu ni lile kundi lililokuwa likiwaua watu weusi. Mchungaji akamsomea neno kwa neno: Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mzee alicheka mpaka machozi. Lakini fulana hakuivaa.

Wa Kisumu: Huku Kenya sisi Waanglikana tulikuwa CPK, 1998 tukawa ACK. Shuleni walituita "Sipiki". Nyanya yangu hadi leo ni CPK. Hiyo ACK anasema ni sauti ya mtu aliyekwamwa na mfupa wa samaki.

Msabato wa ofisini: Mimi jina linanibeba. Jumamosi bosi hanigusi, na sherehe ikiwa na kitimoto naletewa kuku kabla sijafungua mdomo. Ila soda nyeusi nimeisahau, wananipa maji tu.

Mwanzisha mada: Wa Kisumu umeniua, ha ha! Chumba nilipata Kimara. Nilipoulizwa, nikajibu kifupi: "Kwa walokole." Mama akapumua. "Afadhali. Nilidhani ni wale wa Ngurumo."