Tamthilia za kiangazi siku hizi ni kuchezeana akili tu, epi (vipindi) nane halafu subiri miaka miwili!!

Wakuu habari za muda huu, leo naomba nitoe povu maana nikikaa nalo litanipasua kifua. Juni ikishaingia shule zinafungwa, watu wanachukua likizo, ndio ule muda mtu anakaa na tamthilia yake anaila taratibu bila kukimbizana na kengele ya asubuhi, na muda huo huo ndio hawa jamaa wanaotengeneza tamthilia wanatuletea epi nane, narudia tena NANE, halafu wanapotea.

Anza na House of the Dragon, ile ya vita vya kugombea ufalme na madragoni. Sizoni ya kwanza 2022 ilikuwa na epi 10, ikaisha Oktoba. Tukakaa wee mpaka Juni 2024 ndio ya pili inakuja na epi zimeshapungua zimekuwa 8. Haya tukameza. Sizoni nzima wanatuandaa kwa vita, huku wanatafutwa watu wa kupanda madragoni, kule wanatafuta meli za kukodi, epi ya mwisho ikafika, muziki unapanda, majeshi yanatembea, meli ziko baharini, mimi nimeshasogeza kiti nimezima na simu kabisa... mara paap, majina ya waigizaji hayo yanapita. Vita yenyewe iko wapi? Hakuna! Nilibaki naikodolea tivii kama mtu aliyealikwa harusini akafika anakuta wanakunja maturubai.

Stranger Things ndio usiseme. Imeanza Julai 2016, watoto wadogo na baiskeli zao, ikaja kuisha Desemba 2025. Miaka zaidi ya tisa, sizoni tano, epi 42 jumla. Wale watoto wamekua wameota ndevu, mmoja kaolewa kabisa kabla hata sizoni ya mwisho haijatoka, na bado tunatakiwa tuamini ni wanafunzi. Na kukatwakatwa juu: sizoni ya nne wametupa epi saba Mei 2022 halafu mbili zilizobaki tukaambiwa njooni Julai, ya tano ndio ikakatwa vipande vitatu, Novemba, Krismasi na mkesha wa mwaka mpya. Yaani tamthilia iliyopata jina kiangazi inakuja kumalizikia kwenye fataki za mwaka mpya, si dharau hii?

Najua watakuja mawakili wao hapa na "mkuu kulikuwa na korona", "mkuu kulikuwa na mgomo wa waandishi na waigizaji". Mgomo wa 2023 naujua na nilikuwa upande wa waliogoma, walipwe haki yao. Lakini sizoni ya pili ya hiyo hiyo Stranger Things ilitoka Oktoba 2017 na ya tatu Julai 2019, hapo katikati kulikuwa na korona gani? Mgomo gani? Msituone mazuzu.

Sasa nenda kaangalie Suits. Imeanza Juni 2011, na kuanzia hapo mpaka 2019 hakuna kiangazi hata kimoja imekosa kuanza sizoni mpya, ikiwa sio Juni ni Julai, sizoni tisa, epi 134. Haina dragoni wala zimwi, ni watu waliovaa suti wanapishana kwenye korido, mmoja anaingia ofisini kwa mwenzake bila kubisha hodi, anambwagia faili mezani, anampa neno moja la shombo, anageuka anaondoka. Ndio hivyo hivyo sizoni tisa na unaangalia tu! Na 2023, imeshaisha miaka minne, watu Marekani peke yake wakaitazama dakika bilioni 57.7 mtandaoni. Hawa wakubwa hawajiulizi kwa nini? Si kwa sababu ukimaliza epi moja kuna nyingine inakusubiri, na ukimaliza hiyo kuna nyingine??

Na zamani kiangazi ndio kilikuwa kinatoa vitu. Vituo vikubwa vya Marekani vilikuwa vinafunga sizoni Mei vinarudi Septemba, hapo katikati ni marudio tu, vituo vya kebo vikauona huo mwanya vikaingia na mzigo wa maana. The Wire imeanza Juni 2002, epi 13. Mad Men Julai 2007, epi 13. Wiki kwa wiki, kiangazi chote una sehemu ya kushika.

Halafu huu mchezo wa kumwaga epi zote siku moja. The Bear, ile ya wapishi wa mgahawa, nawapa heshima yao, kuanzia 2022 mpaka 2025 kila Juni walikuja, hawakukosa (ingawa kwenye tuzo wanaishindanisha kama komedi, watu wanagombana na kulia jikoni sizoni nzima eti komedi, haya bwana), ila wanamwaga yote kwa mpigo, ukilala ukiamka kuna mtu ameshaweka spoila, yaani ameshatoboa siri ya epi ya mwisho, kwenye stetasi. Linganisha na The Summer I Turned Pretty sizoni ya tatu, 2025, epi 11, kila Jumatano kuanzia katikati ya Julai mpaka katikati ya Septemba. Mimi sio mtu wa mapenzi ya vijana kabisa lakini raha ilikuwepo, wiki nzima watu wanatukanana huyu binti achukue kaka mtu au mdogo mtu, Jumatano ikifika wote kimya.

Na kuna apu moja siitaji, imepandisha ada, imeniwekea matangazo, halafu tamthilia niliyokuwa katikati yake ikatolewa. Niko sizoni ya tatu, nabonyeza kuendelea, naambiwa haipatikani. Nimewaandikia, wamenijibu na emoji ya moyo. MOYO!

Sasa wadau tajeni tamthilia ya kiangazi yenye epi zaidi ya kumi, inatoka kila wiki na inarudi mwaka unaofuata. Na asije mtu kuniambia Suits, nimeshaimaliza.